Mfarishi wa Mama Yohana

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kama ulivyonizoesha, kabla ya neno lolote lingine. Ungekuwa hapa ungeitikia bila kuinua macho, sindano ikiwa imebanwa kati ya midomo, na mimi ningesimama mlangoni mpaka uitoe ndipo niseme lililonileta. Safari hii nimesimama muda mrefu sana. Naona nianze tu.

Naandika hapa hapa nyumbani kwako Butimba, kwenye ile meza uliyokuwa ukikatia vitambaa, dirisha la upande wa ziwa likiwa wazi. Ni asubuhi. Jua limekwisha kupanda juu ya mawe, na wanawake wanateremka kuchota maji. Wakifika kwenye ua wako bado wanapunguza sauti. Sidhani kama wenyewe wanajua, lakini mimi nasikia maongezi yanavyokatika, halafu yanaanza tena wakishavuka.

Nataka nikukumbushe mambo yetu, kisha nikuombe jambo moja.

Unakumbuka nilivyofika? Mama alikuwa ameshazikwa, na Baba, kaka yako, alinileta kwa miguu kutoka Buhongwa, gauni langu limechanika begani. Hukuniuliza habari za msiba. Ulinivua gauni, ukanifunga kanga yako, ukakaa chini ukaanza kulishona huku ukiniambia niangalie mkono wako, nisiangalie uso. Siku zile ulikuwa umeacha kazi ya uyaya kwa Fatmabai, mke wa yule muuza nguo kule Nyamagana. Ulikuwa umewalea wanawe wote, na yeye alikuwa amekufundisha kushona mifarishi, yale mashuka mazito ya viraka yenye pamba katikati, ambayo kwao Bara Hindi kila bibi huwashonea wajukuu. Alikuwekea masalio ya dukani: vipande vya amerikani, kaniki, ncha za kanga zilizochapwa vibaya. Pamba uliipata kwenye kinu cha kuchambulia, ile iliyomwagika njiani na kuokotwa.

Mimi nilidhani utanipa mkasi. Ulinipa kufumua. Ulinifundisha kuchokoa uzi mmoja mmoja bila kujeruhi kitambaa, na kuuzungusha uzi uliotoka kwenye kijiti cha tete ili utumike tena. Nilifumua kazi nzuri na kazi mbaya, mpaka vidole vyangu vikajua mshono ulivyokaa kabla macho hayajauona. Nilipokuwa tayari ulinikalisha mbele yako kwenye mkeka, magoti yetu yakikaribia kugusana, ukakishika kitambaa kwa upande wako na mimi kwa upande wangu. Nilishona, wewe ukikivuta kidogo tu, kiasi cha mimi kujua upo.

Halafu vikaja vipande vya mviringo. Siku ile nililia. Kipande kimoja kimetuna, kingine kimebonyea, na kila nilipovishonanisha vilikunjana kama midomo ya mzee. Ulikuja ukasimama nyuma yangu.

"Umeanzia wapi?"

"Huku mwisho, Shangazi."

"Ndiyo maana kimekukimbia. Bana katikati kwanza. Halafu miisho. Hapo katikati ya pini na pini unakwenda taratibu."

"Na kikikataa?"

"Fumua."

"Kikikataa tena?"

"Una safari ya kwenda wapi?"

Nilicheka na machozi yangu. Nilifumua, nikashona, nikafumua, na siku moja kipande kililala chenyewe chini ya kiganja changu kama paka. Hukunisifu. Ulikigeuza upande wa ndani, ukapitisha ukucha kwenye mshono, ukasema, "Sasa kata vingine." Nililala usingizi mzuri kwa ajili ya maneno hayo.

Watu wa mjini walisema huogopi kazi. Ni kweli. Fatmabai akileta mfarishi wa bibi yake, wenye nyota ndani ya nyota, ulikuwa ukiutazama, unafumba macho, unaomba makaa, unachora sakafuni nyota ile ile. Niliwahi kukuuliza unajuaje kama itakubali. Ulisema hujui, ila unashona kama unayejua, maana mkono ukisita kitambaa kinapinda. Nimeyatumia maneno hayo mara nyingi. Mengine yaliyofuata ndiyo yanayonifanya niyaogope.

Mama Yohana alikuja katika miaka ya vita, wakati nguo zilipoadimika madukani na kila mtu alikuwa na kitu cha kuunganishwa. Ilikuwa mchana, hakuna upepo, ziwa limelala kama bati. Alisimama uani na kifurushi kichwani, na alipokaribishwa alikaa kabla hajakitua.

"Mimi ni Mama Yohana, natoka Ukerewe," alisema. "Yohana hayupo."

Ndivyo alivyojitambulisha. Uliniambia nimletee maji ya kunywa. Alikitazama kikombe, akakiweka chini mbali kidogo na miguu yake.

Alieleza bila kulia. Mwanawe alikuwa akivuka kuja Mwanza kutafuta kazi kwenye kinu cha pamba, katika mtumbwi mmoja na wenzake. Hakukuwa na wimbi. Wanawake waliokuwa wakifua ufukweni waliona maji yakianza kuzunguka mahali pamoja, polepole, mtumbwi ukageuka kama unaotafuta mlango. Wenzake waliogelea wakatoka. Yeye hakutoka, wala hakuelea baadaye kama wanavyoelea wengine.

"Nimeleta nguo zake," alisema. "Sina kaburi la kukaa. Nataka kitu cha kulala chini yake, na nataka kiwe hivi."

Aliinama akachora mchangani kwa kidole: mikono mingi iliyopinda, yote ikizunguka kuelekea upande mmoja, ikianza mipana kwa nje na kusinyaa hadi kukutana katikati, mahali padogo kama jicho la kuku. Nilijua ni kazi ngumu hata kabla hujasema neno. Kila mkono ulikuwa na upande uliotuna na upande uliobonyea, na yote ilitaka ncha zake zikutane mahali pamoja bila hata uzi kuzidi. Wewe ulitazama kwa muda. Ulifumba macho.

"Nitashona," ulisema.

Jioni ile nilifagia ua. Asubuhi mistari ilikuwa pale pale, imelowa, kama mtu ameichora upya kwa kidole chenye maji. Nilikuita. Ulikuja, ukaangalia, ukaniambia nifagie tena.

Shangazi, kama kuna mtu aliyewahi kuifanya kazi kwa haki, ni wewe. Uliziloweka nguo za Yohana, ukazianika, ukazitia wanga wa muhogo ili zisinyumbuke zikikatwa mshazari. Ulikata kiolezo kutoka kwenye boksi la sabuni, ukakijaribu kwenye kitambaa kibovu kwanza. Shati lake jeupe la Jumapili ulilipanga likipokezana na kaniki, nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi. Ulibana katikati kwanza. Ulipiga pasi kwa kukandamiza, bila kuikokota. Kila mkono peke yake ulikuwa sawa. Niliupima mimi mwenyewe. Lakini ulipoiunganisha yote na kuutandika mezani, pale katikati paliinuka.

"Pamezidi," ulisema, ukafumua.

Mara ya pili paliinuka pia. Uliweka pasi ya mkaa juu yake, pakalala. Ulipoiondoa, pakainuka taratibu, pakashuka kidogo, pakainuka tena. Tulisimama pande mbili za meza tukitazama. Nilijiambia ni joto la pasi linatoka kwenye kitambaa. Nawe nadhani ulijiambia hivyo hivyo, kwa sababu ulisubiri mpaka kimepoa kabisa. Hakikuacha.

Ndipo mambo mengine yakaanza. Vipande vya lile shati havikukauka. Uliuanika mfarishi juu ya mawe kwenye jua la kuchoma nyayo, kaniki ikakauka ikawa kama karatasi, na vile vyeupe vikabaki na unyevu na harufu ya chini ya ziwa, ile ya matope na majani ya zamani. Nilianza kukuta mikono tuliyoiacha imeelekea kulia imegeuka kushoto, mshono ukiwa mzuri, wa mkono nisioujua. Wewe ulifumua ukairudisha. Ulikuwa na subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Ila subira ile ilianza kufanana na kitu kingine, kama unavyomwona mtu akimngoja mgeni na kusahau kwamba chakula kimepoa.

Fatmabai alikuja kukuona. Alikaa kwenye kiti chetu kimoja, akautazama mfarishi bila kuugusa, yeye ambaye kila kazi yako lazima aigeuze.

"Minza," alisema, "mrudishie mama wa watu nguo zake."

"Ni mshono tu, Bai. Nitaupata."

"Wewe ni fundi. Nani asiyejua? Lakini hii usimalize. Mwambie imekushinda, si aibu."

"Haijanishinda."

"Nimekulea mkono huo."

"Ndiyo, Bai. Ndiyo maana haijanishinda."

Aliondoka bila kunywa chai. Mlangoni alinishika shavu, akanitazama kama mtu anayetaka kusema jambo kwa lugha ambayo mimi siijui, kisha akaenda zake.

Baada ya hapo uliacha kunikalisha mbele yako. Ulishona ukiwa umekaa peke yako kwenye mkeka, na upande wa pili wa kitambaa haukulegea. Niliona kwa macho yangu, mchana kweupe: kitambaa kimenyooka, na hapakuwa na mtu wa kukivuta. Nilikuwa napika uani nikakusikia ukisema kwa sauti ya upole, ile uliyotumia kuwapimia watoto nguo, "Nyoosha mguu, mwanangu. Nyoosha, nione urefu." Nilichungulia. Ulikuwa umetandaza utepe wa kupimia juu ya mkeka mtupu.

Nilikupakulia chakula, nawe ukasema utakula baadaye.

Siku ya mwisho uliamua kuufua. Ulisema labda wanga umebaki kwenye nyuzi ndiyo maana haukauki. Tulishuka pamoja mpaka kwenye lile jiwe pana, nami nikarudi kuchukua sabuni. Nilipokuwa njiani nikaona wale wadudu wa ziwani wakipanda kutoka kwenye maji, kama wanavyofanya, wengi kama moshi wa kijiji kinachoungua, nguzo ndefu nyeusi ikitembea juu ya maji bila sauti. Safari hii ilikuja kwetu. Nilijifunika kanga usoni nikainama mpaka ikapita. Nilipofika kwenye jiwe, mfarishi ulikuwa umetandazwa vizuri, pembe zake zimenyooshwa kama kitandani. Wewe hukuwepo. Kastabini yako ya chuma, ile kofia ya kidole, ilikuwa juu yake pale katikati, na chini yake kitambaa kilikuwa kimelala, hakitikisiki.

Nilikuita. Niliita mpaka watu wakaja.

Askari wa boma alisema ni mamba. Inawezekana. Wavuvi walitafuta kwa mitumbwi, Baba akaja kutoka Buhongwa akakaa ufukweni, na hatukupata hata kanga yako. Tuliweka matanga ya mtu asiye na mwili. Sijui kama uliyasikia. Wanawake wa kanisani walikuja, na Fatmabai alikaa nao chini kwenye mkeka kama ndugu, akiwa amejitanda nguo nyeupe. Mama Yohana naye alivuka akaja. Alikaa karibu nami, na wote wawili tulikuwa tunajua linalofuata: mtu asiporudi unaendelea kumwekea chakula, na hakuna anayeweza kukuambia lini uache.

Matanga yalipoisha Baba aliuona mfarishi umekunjwa juu ya kabati.

"Hicho kitu kitoke humu. Leo. Kichomwe."

"Baba, naomba niumalize."

"Kimemmaliza dada yangu, sasa unataka na wewe ufuate?"

"Ukichomwa hivi ulivyo, Yohana atakuwa amekatwa vipande bure. Na Shangazi ndiye aliyemkata."

Baba alimgeukia Mama Yohana. "Wewe ndiye mwenye mali. Sema."

Mama Yohana aliitazama mikono yake. "Ni mwanangu," alisema, "lakini na yeye huyu ni mtoto wa watu. Kama unataka kuchoma, choma. Mimi sitakudai." Kisha akaniuliza mimi, polepole, "Utaweza?"

Sikujua. Nilikumbuka kwamba hata wewe hukuwa unajua. "Nitaweza," nilisema. Sauti yangu ilitetemeka, Baba akaisikia, na hiyo ndiyo iliyomfanya aondoke bila kubisha zaidi. Kesho yake alirudi akakaa uani akichonga mpini wa jembe, akawa anarudi kila siku mpaka nilipomaliza. Hakusema alikuja kunilinda. Mpini ule ulikuja kuwa mwembamba kama fimbo.

Nilifumua katikati yote. Ndipo nilipogundua ulichokuwa unafanya, Shangazi, na nakuambia bila kukukosea adabu. Ulikuwa unapunguza kwenye mshono mmoja. Kila palipoinuka ulikamata mkono ule ulioona umezidi, ukaukata, na shida ikahamia kwa jirani yake. Wewe uliyenifundisha kutoharakisha ulikuwa unapigana nao. Mimi sikuwa na nguvu za kupigana. Nilichukua kidogo sana kwenye kila mshono, upana wa uzi, nikazunguka, nikafika nilipoanzia, nikazunguka tena. Nilibana, nikaangalia, nikafumua. Kuna siku nilishona mkono mmoja tu. Kuna siku sikushona kabisa, nilikaa nao magotini nikasikiliza kisu cha Baba.

Niliogopa kila siku. Nataka ujue hilo. Sikuwahi kushona kama mtu anayejua. Nilishona kama mtu anayeogopa ambaye hata hivyo anashona, na kitambaa kilikubali.

Nilipofika ncha za mwisho, kitambaa kilinyooka. Nilikuwa nimeinama, nimekaa kwenye mkeka pale pale tulipozoea kukaa, nikahisi upande wa pili umeshikwa na kuvutwa kidogo tu. Nilimjua mvutaji. Sikuinua macho, kwa sababu ulinikataza kuangalia uso wakati wa kazi, na pia kwa sababu sikuwa na uhakika nitaona nini. Nilishona hadi mwisho. Jicho la katikati lilikuwa bado wazi, tundu dogo ambalo shati la Yohana halikutosha kuliziba. Nilikata duara kwenye kanga yako ya siku ya kanisa, nikalishona juu yake kwa uzi mweupe. Halafu nikauweka mezani.

Ulilala. Palikuwa tambarare kila mahali. Nilimwita Baba akaja akapitisha kiganja chake kuanzia ukingoni mpaka katikati, akarudi tena, akatoka nje. Tuliuanika kwenye jiwe, na kabla ya adhuhuri ulikuwa umekauka wote, mweupe na mweusi sawasawa, unanuka jua.

Mama Yohana alikuja kuuchukua. Alijifunika nao mabegani akashuka nao hadi kwenye mtumbwi, watu wakimpisha.

Nilidhani imekwisha. Lakini alirudi msimu wa kuchuma pamba, akiwa amenenepa kidogo, ameniletea samaki wakavu. Tulizungumza mambo ya kawaida. Kisha akasema, "Yohana haji tena. Zamani alikuwa akija kusimama mlangoni, maji yakimtiririka. Sasa ametulia."

"Namshukuru Mungu."

"Anakuja mama mmoja. Anakaa upande wa miguuni, anashona."

Nilikuwa nimeshika mkasi, nikauweka chini. "Unamwogopa?"

"Hapana. Anakaa tu. Ila kila mara ananiuliza kama Kabula amekula."

Kwa kutajwa jina langu nikajua ni wewe. Nikasema, "Mwambie nimekula." Na nilipobaki peke yangu nilipika ugali nikala ule samaki wote, nikilia, ili usiwe uongo.

Haya sasa, Shangazi, nifike kwenye ombi langu.

Watu wanakuja kwangu siku hizi kama walivyokuja kwako. Sasa hivi nina mfarishi wa harusi, wa nyota ndani ya nyota, wa binti wa mwalimu wa chuo cha hapa Butimba. Ni kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kukubali. Mwanzoni nilikosea ncha moja, nikaiacha nikasema nitaifumua asubuhi. Asubuhi nikaikuta imeshafumuliwa na kushonwa upya. Mishono midogo, iliyolala, yenye kuelemea kushoto kidogo, na uzi wa zamani umezungushwa kwenye kijiti cha tete. Shangazi, nilikaa sakafuni nikaubusu ule mshono.

Ikawa hivyo mara nyingi. Nilifurahi. Nilikuwa nikikuachia kipande, kisha vipande viwili, halafu nikaanza kukuachia pembe zote ngumu. Nilikuwa nikikata ovyo nikijua vitanyooshwa. Fatmabai, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alikuja akaigeuza kazi, akasema, "Hii si ya mkono wako." Juzi niliuinua mfarishi ule kutoka mezani, nikakuta zile pembe ulizoshona zina unyevu. Nilizianika kutwa nzima. Nilizinusa. Unajua zilinuka nini.

Nikakumbuka upande wa pili wa kitambaa chako usiolegea, na utepe wa kupimia juu ya mkeka mtupu.

Basi nimefumua yote uliyonishonea. Yote, uzi mmoja mmoja, kama ulivyonifundisha, na sikujeruhi kitambaa. Samahani sana. Ilikuwa mishono mizuri kuliko nitakayoshona maisha yangu yote, na nilikuwa nikiomba radhi kwa kila uzi uliotoka. Nimeshona upya kwa mkono wangu. Pembe moja imepinda. Nimeifumua na kuirudia mpaka kitambaa kimeanza kuchoka, na bado imepinda, na nimeona niiache kabla sijakiharibu.

Ninakuomba usije kwangu. Nakuomba kwa heshima zote za mtoto kwa shangazi yake, tena kwa shangazi aliyekuwa mama. Kaa kwa Mama Yohana, umsaidie kulala. Mwenyewe amesema hakuogopi. Mimi naogopa. Siogopi kwamba utanidhuru. Naogopa kwamba utanisaidia mpaka nisiwepo. Usiku nitaacha kazi yangu mezani, wazi, na nitaenda kulala, na nakuomba uiache kama nilivyoiacha. Barua hii nitampa Mama Yohana aitandike chini ya mfarishi wake, upande wa miguuni. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo atamwomba mtu wa kanisani amsomee kwanza, na wote watakaosikia wasikie. Sina ninachoficha.

Nilikuwa nimesimamisha kalamu kwa sababu mke wa mwalimu alikuja kuangalia kazi ya bintiye, na sasa ameondoka. Nilimtandikia mfarishi hapa mezani. Aliutazama wote, kutoka nyota moja hadi nyingine, akafika kwenye ile pembe, akaweka kidole.

"Hapa umekosea," alisema.

Nilikiweka kidole changu pembeni ya chake. Kitambaa kilikuwa kikavu.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Hapo nimekosea mimi."

Lala sasa, Shangazi. Nimekushukuru kwa kila kitu.

Mtoto wa kaka yako, uliyemfunga kanga,
Kabula